Kurama, Kibune na swali la babu

Nilikuwa Japani wiki mbili kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari, na Jumapili moja tukaachiwa huru. Wenzangu wakaenda madukani. Mimi, mtoto wa Nyakunguru niliyekulia kwenye kupanda na kushuka vilima nyuma ya mbuzi, nikaulizia mlima.

Kutoka Kyoto unachukua treni ndogo, kama nusu saa hivi, unashuka Kurama. Getini unalipa kiingilio, halafu ni ngazi juu ya ngazi mpaka kwenye hekalu la Kibuddha ambalo mapokeo yanasema lilianzishwa mwaka 770. Nyuma ya hekalu njia inazama msituni. Mierezi mirefu, jua linapenya kwa shida. Mwamba uko karibu mno na uso wa ardhi, mizizi haina pa kuzama, basi imetambaa juu ya njia kama nyoka waliolala. Wanasimulia kwamba Yoshitsune, shujaa wa vita wa karne ya 12, alifundishwa upanga humu akiwa kijana, na mwalimu wake alikuwa jini wa mlimani. Nilipishana na wazee wenye fimbo na vijana wa rika langu wenye kamera. Wote wananisalimia.

Unateremkia upande wa pili, Kibune, penye patakatifu pa Kifune pa dini ya Kishinto. Mungu wa hapo ni wa maji. Zamani ukame ukizidi, mfalme alipeleka farasi mweusi kama sadaka. Mvua ikizidi, farasi mweupe. Baadaye farasi wakachorwa kwenye vibao, na mpaka leo watu wanaandika maombi yao kwenye vibao vya mbao: mitihani, uchumba, kazi.

Hapo nilisimama muda mrefu. Jamani, kwetu Mara haya tunayo! Butiama kuna msitu wa Muhunda, wenye jina la mzimu ambao Wazanaki wanaamini unakaa humo. Lakini msomi wa mjini akisikia mzee anataja mlima na mvua, anacheka. Wale vijana wa Kurama wana digrii kama sisi, na kiingilio wanalipa. Sisemi sote tukatambike. Nasema msitu wenye mwiko unajilinda wenyewe. Mwiko ukifa, panga na tanuri la mkaa vinaingia, na askari wa misitu ni mmoja na pikipiki yake haina mafuta.

Niliporudi nchini nikaenda Nyakunguru kusalimia. Habari za treni babu alizisikiliza bila kushtuka. Nilipofika kwa farasi mweusi, akaweka kikombe chini.

"Mweusi kama wingu la mvua," akasema. "Na msitu wao bado upo?"

"Upo, babu."

"Na wa kwetu, mjukuu wangu, umeshauandika?"

Mwezi ujao naenda Muhunda na daftari langu. Nani anakuja?