Mizani Iliyonyamaza Kamachumu

Miaka ile umeme wa Kagera ulitoka Uganda kupitia Kyaka, ukikatika na kurudi upendavyo. Kila uliporudi, kompyuta ndogo nilizofunga kwenye mizani za kahawa kule Muleba ziliwaka zenyewe na kusoma faili ya mipangilio: bei ya kilo ya maganda, uzito wa gunia tupu, jina la chama. Zikikuta kosa humo, hazipimi.

Msimu mmoja karani wa Kamachumu akanipigia simu Bukoba: "Mwanangu waitu, mashine imenyamaza, na watu wamejaa na magunia yao." Nikapanda hiace hadi Muhutwe, nikamalizia kwa bodaboda. Aliyebadilisha bei asubuhi alikuwa ameandika "bie".

Programu ile ilitumia libConfuse, maktaba ya C ya kusoma mipangilio. Nayo haikuwa na lawama: ilishataja faili, mstari, na jina lisilojulikana. Ila isipoelekezwa, huyamwaga malalamiko yake kwenye stderr, na programu inayojiwasha bila skrini haina mtu wa kuisoma stderr. Aliyeita cfg_parse hurudishiwa CFG_PARSE_ERROR tu, namba isiyosema kosa liko wapi.

Dawa ni cfg_set_error_function. Unaikabidhi funksheni yako. Ikitokea hitilafu, inapewa kiolezo cha ujumbe pamoja na va_list, unaunga kwa vsnprintf, unaongeza jina la faili na mstari, kisha unapeleka unakotaka. Mimi niliupeleka kwenye kioo cha mizani, kwa Kiswahili: "Mstari 14: bie haijulikani." Kiswahili hicho kilinigharimu kuliko C yenyewe, maana nililazimika kulinganisha violezo vya Kiingereza na jedwali langu, na toleo jipya likibadili neno moja tu, jedwali linakwama.

Nilizijaribu na maktaba nyingine. Inih ya Ben Hoyt hurudisha namba ya mstari wa kosa la kwanza, au -1 faili isipofunguka. Ina adabu, haichapishi kitu, ila haitaji sababu. Libconfig inazo config_error_file, config_error_line na config_error_text, yaani kila nilichotaka. Lakini yenyewe haikagui majina: "bie" ingepita salama, na programu ingeitafuta "bei" isiione, bila mstari wa kumwonyesha karani.

Mizani za Muleba nilizibakiza na libConfuse.