Mzigo na Njia Yake

Neno la Kiingereza "load" hujulikana kwa kila aliyekaa shuleni miaka michache, naye hulifasiri upesi kuwa ni mzigo. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Mwingereza hulitumia neno hilo hilo kwa gunia lililo mgongoni mwa punda, kwa shehena ya meli, kwa wingi wa kazi za karani, kwa umeme upitao katika waya, na hata kwa kutia risasi katika bunduki. Kiswahili hutenganisha. Mtu hujitwika mtungi, hupakia lori, hushindilia gobori. Na afikapo hutua au hupakua.

Wajuao asili ya maneno husema kwamba hapo kale "load" lilikuwa na maana ya njia au safari. Maana ya kitu kichukuliwacho ilikuja baadaye. Jambo hilo halitamshangaza mkazi wa Bulla Pesa, mjini Isiolo. Kabla ya lami kufika Moyale katika miaka ya 2010, malori yaliyopita hapo yalipeleka vyakula kaskazini, yakarudi na mifugo, na abiria wameketi juu wakishikilia vyuma. Tena wafugaji wa nchi hiyo, Waborana na Wasomali, wahamapo huibomoa nyumba na kufunga fito na mikeka juu ya ngamia. Nyumba huwa mzigo, kisha huwa nyumba tena. Mtoto mchanga na mkongwe asiyeweza kutembea hupandishwa papo hapo juu.

Lakini yako mapito ambayo mchukuzi mwenyewe alihesabiwa kama chombo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walichukua wapagazi maelfu kwa maelfu katika Afrika Mashariki, na waliokufa kwa maradhi na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la kikosi chao, "Carrier Corps", limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Majina ya wengi wao hayakubaki.

Kwa hiyo yafaa neno hili litumiwe kwa uangalifu. Siku hizi husikika mzee au mgonjwa wa miaka mingi akiitwa mzigo na watu wa nyumba yake, naye yumo chumbani anasikia. Kazi ya kumtunza ndiyo mzigo, wala si yeye. Mkongwe aliye juu ya ngamia ndiye aliyewaonyesha wengine visima viliko. Na jirani amlaumuye binti anayemwuguza mama yake kwamba amechoka upesi, na akumbuke kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kisha aende siku moja akamchotee maji.