Nafasi Nane Njiani Kwenda Dodoma

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda treni ya umeme, na mara ya kwanza kutumwa kusimika mfumo nje ya Dar es Salaam. Dada niliyeongozana naye, mwenyeji wa kazi hii, alifungua kompyuta kabla hatujafika Pugu.

“Mdogo wangu, leo ni Helm,” akasema.

Helm hujaza violezo na kutoa mafaili ya YAML yanayosomwa na Kubernetes. Kwenye YAML nafasi zina maana: mstari ukisogea mahali pasipo pake, unabadilisha mzazi.

Tulipoipita Morogoro akanionyesha faili la Deployment. Lebo zilezile zinatakiwa mahali pawili: juu, nafasi nne kutoka ukingoni, na ndani, kwenye kiolezo cha podi, nafasi nane. Ukiziandika mara mbili, ipo siku utabadilisha huku usahau kule. Basi huandikwa mara moja, kwenye faili la visaidizi, zikiwa zimebana ukingo wa kushoto. Huitwa kwa include, kisha hupitishwa kwenye nindent 4 au nindent 8. (Lugha ya Go ina agizo lake la template, ila matokeo yake hayapitishwi kokote, ndiyo maana Helm ikaleta include.)

Ipo pia indent, lakini hiyo husogeza hata mstari wa kwanza, kwa hiyo hukulazimu kuandika agizo ukingoni kabisa, na kiolezo kinapoteza umbo. nindent hushuka kwanza mstari mpya, ndipo isogeze. Ukitia kistari baada ya mabano ya kufungua, nafasi zilizotangulia hufutwa, nawe unaliweka agizo pale macho yanapolitarajia. Naupenda sana uhuru huo.

Kwenye mahandaki ya Kilosa mtandao ulikatika, ila helm template haihitaji mtandao. Dada akageuza 8 kuwa 6 makusudi. YAML haikulalamika hata kidogo! Lebo zilijipanga sambamba na neno labels, lenyewe likabaki tupu.

“Hiyo ingekataliwa Kubernetes,” akasema, “maana selector, inayozitambua podi kwa lebo, haitapata lebo zake.”

Kesho yake, Dodoma, mteja alitaka CronJob, ambamo podi imezama zaidi. Nilihesabu kutoka ukingoni: spec, jobTemplate, spec, template, metadata, labels. Nikaandika nindent 12, na faili la visaidizi sikuligusa.