Mto Kwanza, Kioo Baadaye

Ukimwambia mtu wa Songea kwamba unafuga kambale ndani ya kioo, hakuulizi kwa nini. Anauliza, "Unamla lini?" Niliulizwa hivyo na fundi wa vioo, na mama mwenye nyumba, na walimu watatu ofisini, na mlinzi wa shule, ambaye mpaka naondoka alikuwa anaamini kuna siri namficha. Siwalaumu. Kwetu kambale ni kitoweo. Akwariamu tunazozijua ni za hotelini: taa ya bluu, changarawe za rangi, kijumba cha plastiki, na samaki wawili wa dhahabu wanaozunguka kama waliosahau walichofuata.

Andiko hili ni la nyinyi mnaosubiri kwenda fildi, hasa watu wa Biolojia, ingawa hata wa Historia karibuni tu. Nataka kueleza namna ya kutengeneza tangi la samaki linalofanana na mto wa pale pale ulipopangiwa, kwa hela ya mwanafunzi, na kwa nini naamini kazi hiyo inafundisha kuliko mabango yote tuliyochora kwenye kozi ya zana za kufundishia.

Nilipangiwa Kidato cha Pili, mada ya viumbe na mazingira yao. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua maana ya makazi ya kiumbe kwa Kiingereza, neno kwa neno, na nukta yake. Nikawauliza, bado kwa Kiingereza, kambale anakaa sehemu gani ya mto. Kimya. Nikarudia swali lile lile kwa Kiswahili, mikono ikapanda karibu darasa zima. Mmoja akasema chini ya mizizi. Mwingine akabisha, akasema kwenye matope pale maji yanapopunguza mbio. Wa tatu akasema inategemea, mchana ni huku, usiku ni kule. Aisee, wale watoto walikuwa na maarifa ambayo mtihani haujawahi kuyauliza. Nikaona nitafute kitu kitakachoyaweka mezani, wabishane wakiwa wanakitazama.

Kanuni ya kwanza ya tangi la namna hii ni kwamba huanzi dukani, unaanza mtoni. Duniani kuna njia mbili zinazojulikana za kupamba tangi lionekane la asili. Moja ni ya Takashi Amano, Mjapani mpiga picha aliyefariki 2015, aliyepanga mimea, mawe na magogo kama mtu anayetunga picha ya msitu. Matangi yake ni mazuri mno, lakini si lazima yafanane na mto wowote uliopo. Njia ya pili ni ya kuiga mahali pamoja halisi: mawe ya pale, mchanga wa pale, mimea ya pale, samaki wa pale. Hiyo ndiyo inayomfaa mwalimu, kwa sababu inakulazimisha kwenda kuangalia kabla ya kununua chochote.

Kijito nilichochagua kinashuka kutoka upande wa Matogoro, milima ile ile inayotajwa kuwa chanzo cha Mto Ruvuma. Nilikaa kando yake asubuhi, mchana na jioni, na daftari. Mambo niliyoandika yalikuwa ya kawaida kabisa. Mawe hayakutawanyika kama njugu, yalijazana kwenye kona moja. Majani makavu yalirundikana pale maji yanapozunguka. Perege wadogo walikaa ukingoni kwenye jua, na samaki wadogo zaidi wenye mistari walielea katikati, vichwa vyote vikielekea maji yanakotoka. Kambale sikumwona hata mmoja mpaka giza lilipoanza kuingia.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini kambale ni mwalimu mzuri wa somo hili. Ni samaki wa usiku na wa maji machafu. Hana magamba. Ana masharubu manane, jozi nne, anayotumia kupapasa na kuonja chakula gizani. Juu ya matamvua ana kiungo chenye matawi kama kichaka kidogo, kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, ndiyo maana hupanda juu kila baada ya muda, anapiga funda la hewa, anarudi chini. Ukimweka kwenye tangi jeupe lenye taa kali, atajibanza kwenye kona na hutajifunza lolote. Ukimpa kivuli na shimo la kujificha, anatoka. Inaonekana kinyume, lakini ndivyo ilivyo: samaki mwenye pa kujificha ndiye unayemwona.

Sasa vipimo. Tangi letu lilikuwa na urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40, kioo cha milimita 8, likaunganishwa kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, kwa sababu ile yenye dawa inaua samaki. Maji tulijaza mpaka sentimita 32 tu, yaani lita 128. Nafasi ya juu tuliiacha makusudi, kambale apate hewa chini ya mfuniko. Na mfuniko ni lazima uwe mzito. Huyu ni samaki anayeweza kujiburuza nchi kavu usiku wa mvua kutafuta maji mengine. Kimo cha tangi lako hakimtishi. Halafu kumbuka lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, unazungumzia zaidi ya kilo 170, kwa hiyo meza ya mwalimu iache. Sisi tulijenga kizimba cha matofali.

Chini tuliweka mchanga laini wa mtoni, ukaoshwa kwenye ndoo mpaka maji yakatoka meupe. Changarawe zenye ncha hazifai, kambale hulima chini kwa tumbo na masharubu, atachubuka. Mawe tuliyapima kwanza kwa matone ya siki: jiwe likitoa povu lina chokaa, na litabadilisha maji. Hilo peke yake ni kipindi kizima cha Kemia. Kwa mizizi tulitumia matawi makavu ya mpera, yaliyolowekwa mpaka yakazama yenyewe. Miti yenye mafuta au utomvu, kama mkaratusi na mpaini, tuliikwepa. Matawi yalipaka maji rangi ya chai nyepesi, na wanafunzi wakasema hapo sasa ndiyo mto. Nyuma tulibandika nailoni nyeusi. Juu tuliweka yungiyungi wachache kwa kivuli. Gugumaji hapana, hata kama ni la bure. Tunajua lilichofanya Ziwa Victoria.

Maji ya bomba yakae kwenye ndoo wazi siku moja au mbili klorini ipungue. Baada ya hapo inakuja sehemu ngumu kuliko zote, kusubiri. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo mimea inaitumia. Bakteria hao hawanunuliwi sokoni Songea. Wanakuja wenyewe kwenye mchanga na mawe, na huchukua mwezi hivi kujaa. Kwa hiyo anza wiki ya kwanza ya fildi, usianze ya tatu. Mwalimu mmoja wa zamani pale alikuwa akipita anasema, "Kijana, maji yako hayana samaki, unafuga nini?" Nikamjibu, "Bakteria, mwalimu." Akacheka mpaka akakaa.

Samaki hatukuwavua. Songea tuna bahati ya kuwa na kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji pale Ruhila, kinachozalisha vifaranga kwa ajili ya wafugaji. Tulichukua kambale wawili na perege wanne. Kambale wawe wa ukubwa mmoja, maana mkubwa humla mdogo bila aibu, na perege wasitoshe mdomoni mwake. Pia muamue mapema watakwenda wapi. Kambale huyu hupita urefu wa mita moja akikomaa, tangi ni shule ya chekechea tu kwake. Tulikubaliana na mzazi mwenye bwawa kwamba wakifika sentimita 20 watahamia kwake. Kumwaga samaki wa tangi mtoni hakufai, unaweza kupeleka magonjwa au ukoo usiokuwepo.

Kuhusu umeme: Songea tuliunganishwa na gridi ya taifa 2018, lakini kukatika ni kukatika, na shule nyingi huzima swichi kuu jioni. Mpangilio huu hautegemei pampu. Samaki wachache, mimea, uso mpana wa maji, na kubadilisha robo ya maji kila wiki vinatosha. Kambale yeye hewa anajivutia.

Darasani kulikuwa na kijana wa Mbamba Bay. Akasema kwao tangi lingekuwa tofauti kabisa. Ni kweli. Ziwa Nyasa kule kwenye miamba maji ni maangavu, yana madini mengi kuliko ya vijito vyetu, hakuna matope, na mbuna, wale samaki wadogo wa rangi wanaotamia mayai mdomoni, wanaishi kwenye nyufa za mawe wakikwangua mwani. Hata kambale wa huko wana mambo yao. Yupo anayeitwa kampango upande wa Malawi: baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama huwalisha watoto mayai yake yasiyorutubishwa. Nilimwonyesha yule kijana kwenye simu kwamba mbuna wanauzwa Ulaya, na jina la mahali walikotoka huandikwa ubavuni. Akasoma jina la nyumbani kwao kwenye tangazo la mtu wa mbali. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni nani anayelipwa.

Swali gumu zaidi lilitoka kwingine. Wiki ya sita tulikwenda kijitoni na sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Ukiizamisha unapima kina ambacho inapotea machoni. Ni njia ya Angelo Secchi, Mtaliano, ya mwaka 1865, na haihitaji maabara. Juu, karibu na msitu, sahani ilifika chini kabisa bado tunaiona. Chini, baada ya bustani za mboga, ilipotea kabla mkono haujalowa hadi kiwiko. Binti mmoja, mkimya siku zote, akasema, "Sir, lile tangi siyo mto wetu. Ule ni mto wa kule juu. Wetu ni huu."

Alikuwa sahihi. Tangi tulilojenga lilikuwa picha ya mita chache zilizobaki nzuri. Nikaeleza sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Akapiga hatua kutoka kwenye maji, akizihesabu, akasimama na kugeuka. "Mita sitini ni shamba letu lote." Kabichi za shamba hilo ndizo zinazonunua daftari zake. Hakuna sehemu ya andalio la somo inayokuambia useme nini hapo. Sikutoa hotuba.

Tulirudi darasani na chupa mbili za maji, za juu na za chini, tukaziweka kando ya tangi. Mabishano yalichukua vipindi viwili, kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja mwishoni wakati wa kuandika. Mmoja alisema mbona kambale anaishi hata kule chini, kwa hiyo mto ni mzima. Binti yule akamjibu kwamba kambale ndiye wa mwisho kulalamika, tazama wale wenye mistari, kule chini hawapo. Sijui mtahini gani angempa alama ngapi, mimi nilimpa zote.

Baba yake alifika siku ya kikao cha wazazi. Alisema zamani ukingo wote ule ulikuwa na mikuyu, na mizizi yake ndiyo ilikuwa nyumba ya kambale. Akaahidi baada ya mavuno ataacha mistari miwili ya mwisho, apande miti. Miwili siyo mita 60. Ni miwili.

Tangi lipo bado, na ratiba ya zamu imebandikwa ukutani. Vipimo vyetu vyote ni vya masika tu, havitoshi kusema lolote la uhakika. Atakayepangiwa Songea awamu ijayo, sahani na kamba viko kabatini, kwa kiranja wa Kidato cha Pili. Tunahitaji vya kiangazi.