Fleeming Jenkin, Profesa wa Nyaya za Baharini

Jumamosi ya tarehe 26 Februari 1859, mhandisi wa miaka 25 aitwaye Fleeming Jenkin alifunga ndoa na Anne Austin katika kijiji cha Northiam, kusini mwa Uingereza. Alikuwa amepata likizo ya siku nne tu. Jumanne asubuhi alikwisharudi kazini Birkenhead, akizitayarisha meli za kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari.

Vitabu vya fizikia humkumbuka kwa sentensi moja, vya uchumi kwa nyingine, na wanaosoma historia ya baiolojia wanajua kwamba mwaka 1867 alikihakiki kitabu cha Charles Darwin kwa hoja nzito hata mwenyewe Darwin akakiri uzito wake. Lakini mtu huyu alikuwa mume na baba kwa bidii ileile aliyokuwa nayo kazini, na ukiyaacha hayo hujamweleza.

Alizaliwa Kent mwaka 1833. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mtu mpole asiye na makuu. Mama yake, Henrietta Camilla, mzaliwa wa Jamaica, aliandika riwaya. Kwao fedha ilikuwa haba, wakawa wa kuhamahama. Fleeming alisoma Edinburgh, kisha Frankfurt, kisha Paris, ambako akiwa na miaka 14 aliyaona kwa macho yake mapinduzi ya 1848. Kutoka hapo familia ilikimbilia Genoa, Italia, naye akaingia chuo kikuu cha mji huo, Mprotestanti wa kwanza kusoma pale, akatoka na shahada ya daraja la kwanza. Na msomi huyo, aliporudi Uingereza mwaka 1851, alivaa nguo za karakana akawa mwanagenzi katika kiwanda cha Fairbairn, Manchester. Alijifunza kushika tupa baada ya kujua hesabu za juu, na maisha yake yote aliheshimu mikono inayojua kazi.

Mwaka 1858 alikuwa Bahari ya Mediterania ndani ya meli iitwayo Elba, akiisimamia mitambo aliyoibuni mwenyewe ya kuvuta kutoka kilindini waya wa zamani uliokuwa umelazwa kati ya Sardinia na pwani ya Algeria. Kazi ilikuwa ngumu: waya unakatika, unatafutwa kwa kulabu, unanaswa, unakatika tena. Usiku, akiwa amechoka, aliketi akamwandikia Anne, wakati huo mchumba wake, barua ndefu juu ya magurudumu, mafundo, matumbawe yaliyong’ang’ania waya, na juu ya hamu yake ya kumwona. Katika barua hizo mitambo na mapenzi vimo pamoja, wala hakuviona kuwa mambo mawili.

Hatari kubwa ya nyaya hizo ilikuwa hitilafu. Waya ukiharibika chini ya maji, mhandisi aliye ufukoni hana njia ya kuona palipoharibika. Hupima ukinzani wa umeme ndani ya waya, kisha akakadiria umbali. Lakini atapimaje ikiwa kila kampuni ina kipimo chake? Mwaka 1861 wanasayansi wa Uingereza waliunda kamati ya kutafuta kipimo kimoja. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwamo. James Clerk Maxwell aliingia baadaye. Jenkin akawa mtendaji mkuu wa kamati hiyo. Mwaka 1863, katika chuo cha King’s, London, yeye, Maxwell na mwanafizikia Balfour Stewart walizungusha kwa kasi koili ya waya wa shaba ndani ya usumaku wa dunia na kutazama jinsi sumaku ndogo iliyoning’inizwa katikati ilivyogeuka. Kutokana na majaribio hayo kamati ilitoa mwaka 1865 koili za kipimo tunachokiita ohm. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba walipungukiwa kwa zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwa vyombo vya siku zile, hiyo ni kazi ya kustahiwa. Telegrafu ya baharini iliendelea kuenea, na mwaka 1879 waya kutoka Aden ulifika Zanzibar.

Miaka ile ya kazi ya kamati, mambo ya fedha ya Jenkin yalikuwa yanasuasua, naye na Anne walikuwa wakiishi katika nyumba ndogo huko Claygate, nje ya London. Mtoto wao wa pili alipozaliwa, Anne alikaribia kufa. Jenkin alikimbia kama maili mbili kumfuata daktari, akarudi naye kwenye gari la farasi lililo wazi, nguo zikiwa zimelowa jasho. Daktari aliamuru milango na madirisha yaachwe wazi na mgonjwa asisumbuliwe. Anne alikuwa ameushika mkono wa mumewe. Basi Jenkin akachutama sakafuni, upepo ukimpiga usiku kucha, bila kujisogeza asije akamwamsha. Anne alipona. Jenkin aliondoka na maumivu ya baridi yabisi ambayo hayakumwacha tena.

Mwaka 1868 aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mtoro, Robert Louis Stevenson, ambaye baadaye aliandika riwaya ya Treasure Island. Alipoomba cheti cha mahudhurio, profesa alimwambia wazi kwamba hakuhudhuria. Urafiki wao ulianzia kwenye ukweli huo. Stevenson akawa mgeni wa kila mara nyumbani kwa Jenkin, ambako kila mwaka ziliigizwa tamthilia, Anne akiwa mwigizaji hodari kuliko wote.

Mwaka 1870 Jenkin alichora mistari ya ugavi na mahitaji, ileile ambayo wanafunzi wetu wa uchumi huchora hadi leo. Kwa Kiingereza hakuna aliyemtangulia. Mwaka 1878 alianzisha Edinburgh chama ambacho wanachama wake walilipa ada ndogo ili mhandisi akague mabomba na mifereji ya nyumba zao. Majumbani, maji machafu yalikuwa yakiua watu, na hakuona kwamba choo ni jambo dogo kwa profesa. Wanawe watatu aliwalea katikati ya vyombo vya kazi, na kwa mikono yao walishiriki kujenga mashua ya mvuke waliyoiita Purgle, ambayo familia ilisafiri nayo katika maziwa ya Uskoti.

Mama yake alipopooza na kupoteza uwezo wa kusema, Jenkin alimtunza yeye na baba yake hadi wote wawili walipofariki mwanzoni mwa 1885. Alikuwa akipanga kwenda Italia na mkewe wapumzike. Operesheni ndogo ya mguu ikaleta sumu ya damu, na tarehe 12 Juni mwaka huohuo akafa, akiwa na miaka 52.

Mtambo wake wa mwisho, njia ya umeme ya kubeba mizigo ikining’inia kwenye reli za juu, ulizinduliwa Glynde, Sussex, mwezi Oktoba, yeye hayupo. Anne alimpa Stevenson barua zote za mumewe, naye akaandika kumbukumbu ya maisha ya Jenkin, ikachapishwa mwaka 1887. Yule mtoto aliyezaliwa Claygate, Charles Frewen Jenkin, mwaka 1908 akawa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Oxford.