Kiti cha Mama

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani hufika Mombasa yakiwa na redio nzuri ambayo haisikii chochote. Kule kwao FM ilipangwa kuanzia 76 hadi 90. Kwetu stesheni hupanda hadi 108. Kwa hiyo ukishanunua Fielder yako, ukalipa ushuru na kuifikisha Nairobi, unakuta skrini inayozungumza Kijapani na kijisehemu kidogo tu cha bendi ambapo nchi hizi mbili hukutana. Radio Taifa iko 92.9. Capital iko 98.4. Zote ziko nje ya ua.

Mafundi wana dawa ya bei rahisi: kijisanduku kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa yote mpaka redio iyaone. Kinafanya kazi. Namba kwenye skrini huwa za uongo, na yangu ilikuwa na mchachato nyuma ya sauti, kama mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili. Nilibeba abiria na mchachato huo miaka miwili, wala hakuna aliyelalamika. Abiria wa teksi za simu wana spika zao masikioni siku hizi.

Lakini mara moja kwa mwezi nilikuwa namleta mama Nairobi kutoka Kangema, kliniki, halafu namrudisha jioni. Mama ana miaka 74. Masikio yake yalianza kuondoka polepole, na yaliondoka kwa namna ambayo watu wengi hawaielewi. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Vokali, zenye sauti nene, hubaki. Konsonanti ndizo hufifia, hasa s, f, t, sh. Kwa hiyo mtu anasikia kabisa kwamba unaongea, ila hajui unasema nini. “Shika” na “pika” zinakuwa neno moja. Ukimpigia kelele unamwongezea vokali tu, na sauti nene zikizidi huzifunika hata zile nyembamba chache zilizobaki.

Huyu ni mtu aliyelelewa na redio. Zamani za kadi za salamu alikuwa akinunua kadi, anajaza majina ya watu ishirini kwa kalamu ya bluu, anaziposti, halafu wiki nzima jikoni hakuna ruhusa ya kugusa redio. Sijui kama kuna kitu kingine kilichompa raha kama kusikia jina lake likisomwa na mtangazaji asiyemjua. Sasa ndani ya gari langu alikaa kimya Kangema hadi Nairobi, mikono juu ya mkoba, redio ikimvumia vokali.

Nilikuwa nimeweka kando shilingi 25,000. Dadangu alipojua nataka kufanya nini nazo, alinipigia simu saa nne usiku.

“Mama haskii, na wewe unatoboa milango ya gari?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kifaa cha sikio, kimoja tu, tulikuwa tumetajiwa bei iliyozidi mara tatu pesa zangu. Hesabu yake ilikuwa kwamba 25,000 ni theluthi ya sikio moja. Yangu ilikuwa kwamba mchango wa familia utachukua miezi, na katika miezi hiyo mama atakaa kwenye kiti kile saa nyingi. Hatukuelewana. Mama mwenyewe alipoulizwa alisema neno moja tu: barabara ni ndefu.

Basi nikateremka Ngara.

Ukitoka Ngara Road kushuka kuelekea mtoni unaingia Kirinyaga Road, ambayo wazee wa kazi bado wanaiita Grogan, jina la yule Mwingereza aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Barabara imebadilishwa jina, lakini mwambie makanga “Grogan” na atakushusha pale pale. Huko ndiko gari la Nairobi hufanyiwa upasuaji. Milango imeegemezwa ukutani kama vitabu, taa za nyuma zimepangwa kwa mwaka wa gari, na katikati ya kelele hizo wapo mafundi wa redio, kila mmoja akithibitisha uwezo wake kwa kudunda kuliko jirani. Walimu wao ni nganya. Siwalaumu. Matatu ya mjini inauza ngoma yake mbele ya kiti, kanuni za kelele za mwaka 2009 zipende zisipende, na kijana aliyejifunza kazi kwenye nganya hupima ubora kwa kifua, si kwa sikio.

Fundi niliyempata alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza wufa itakaa buti au chini ya kiti. Nikamwambia hakuna wufa.

“Bila wufa? Boss, hiyo ni chai bila sukari.”

Nikamweleza habari za mama. Muziki anaoupenda ni wa kina Daudi Kabaka, gitaa la kudonoa na sauti ya mtu, uliorekodiwa Nairobi miaka ya sitini. Chini kabisa kwenye rekodi zile hakuna mengi ya kutafuta. Na mtangazaji wa salamu haitaji besi. Akanitazama kidogo, akazima muziki wa kibanda chake. Nadhani hapo ndipo tulianza kazi.

Jambo la kwanza alilonifunza ni kutoamini maboksi. Kila redio kibandani iliandikwa wati 50 mara nne. Gari likiwaka, umeme wake ni kama volti 14.4. Piga hesabu bila kupoteza hata tone, na redio isiyo na amplifaya ya pembeni haivuki wati 26 kwa spika ya omu 4. Ukweli wake ni kama 18. Zile nyingine ni wino. Amplifaya moja pale dukani ilikuwa na wati 1,200 kwenye jalada na fyuzi ya ampea 20 mgongoni. Fyuzi haiwezi kudanganya: 20 mara 14 ni 280, na hapo bado hujatoa kinachopotea kuwa joto.

Tulichukua amplifaya iliyotumika, kutoka Japani, nzito, ya wati 50 kila upande. Kutoka 18 hadi 50 si mara tatu ya sauti kama unavyodhani. Ni desibeli nne na kidogo. Lakini konsonanti ni mlipuko mfupi, na mashine iliyobanwa huikata kichwa kabla haijatoka.

Spika tulizichagua kutoka kwenye karai. Fundi anabonyeza koni kwa vidole vinne, taratibu, akiweka sikio karibu. Ikikwaruza ndani, anarudisha. Ukingo ukiwa wa sponji anarudisha pia, kwa sababu sponji huoza, anataka raba. Kisha anachukua betri ya tochi, anagusisha nyaya, koni inaruka nje. Ikiruka ndani, alama za chanya na hasi zimegeuzwa. Spika moja ikifungwa kinyume na mwenzake, besi hufa na mwimbaji hupotea katikati, halafu mwenye gari hurudi kununua amplifaya kubwa zaidi. Jozi yetu, na twita zake, ilitoka 5,500 baada ya mabishano marefu.

Waya nusura utuharibie siku. Duka moja lilituuzia waya mnene, mwekundu, wa “shaba tupu.” Fundi aliukwaruza kwa wembe na ndani ukang’aa kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba halisi. Tukaurudisha, tukachukua mwembamba wa kweli kwa bei ile ile, na fyuzi akaiweka pale pale kando ya betri, chini ya nusu mita, ili waya ukichubuka njiani isiwe gari ndilo linaloungua.

Kazi iliyochukua siku nzima ni milango. Spika za Toyota zimepigwa riveti, kwa hiyo kwanza ni kutoboa. Ndani ya mlango ni bati tupu lenye matundu makubwa, na hapo ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Sauti ya nyuma ya koni huzunguka kupitia matundu na kuifuta ile ya mbele. Tukakata pete za ubao, tukafunika matundu, tukabandika karatasi za mpira zenye foili juu ya bati mpaka ukiligonga halilii tena, linasema “du” kama meza. Lami ya kuezekea ni nafuu zaidi, ila jua la Januari likiipata utasafiri na harufu ya barabara mpya. Hizo karatasi zilifanya kitu kingine ambacho hakuna boksi linalokitangaza: ngurumo ya tairi ilipungua. Kwa sikio la mama, kila kelele iliyotoka garini ilikuwa nafasi iliyofunguka.

Mwisho ikaja redio mpya, ya 4,500, isiyojua Kijapani. Jumla ikafika 24,000, ufundi ukiwemo.

Fundi akakaa kiti cha dereva kupanga sauti, kama wanavyofanya wote. Nikamwambia ahamie kushoto. Sikio zuri la mama ni la kulia, lile linaloelekea katikati ya gari. Twita ya upande wangu tukaielekeza kwake kupitia mbele ya kifua changu. Tukapunguza kidogo upande wa kushoto, ambao uko jirani naye mno, tukaondoa kila kitu chini ya hezi 80 kwenye milango, tukapandisha kidogo pale kwenye elfu tatu. Kwenye kiti changu, nikiri, mambo si mazuri hivyo. Mwimbaji amekaa karibu na dirisha langu na mimi nasikia mgongo wake.

Nilimchukua Jumanne iliyofuata. Sikumwambia kitu. Tulipita Murang’a mjini, tukapita Kenol, yeye anatazama nje, mtangazaji anasoma majina. Karibu na Thika akageuka.

“Huyo amesema Wambui wa Saba Saba?”

“Eeh, Mama.”

“Yuko hai!” Akacheka peke yake. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, nina jina la babake, kwa hiyo ananiita baba hata nikiwa na makosa. “Baba, punguza kidogo. Kuna makelele.”

Nikapunguza. Dadangu bado anasema ni mchezo wa wanaume, na mchango wa kifaa umefika nusu.