Sauti Iliyokwama Katika Tarakilishi

Mwanafunzi wa fasihi hatarajiwi kushika bisibisi. Anatarajiwa kushika kalamu, kupekua vitabu maktabani na kumsumbua msimamizi wake kwa maswali ya nadharia. Mimi, hata hivyo, nilimaliza sehemu kubwa ya muhula mmoja nikiwa nimepiga magoti mbele ya tarakilishi kuukuu iliyofunguliwa ubavu, nikitafuta sauti. Naomba ridhaa ya msomaji nieleze nilivyofika hapo, maadamu kisa chenyewe kilinigharimu sura nzima ya tasnifu.

Utafiti wangu unahusu lugha ya tamthilia zilizoigizwa shuleni katika Pwani ya Kenya katika miaka ya 1990. Nyingi ya kazi hizo hazikuchapishwa kamwe. Walimu walizitunga, wanafunzi wakaziigiza mashindanoni, kisha miswada ikatiwa makabatini kuwa chakula cha mchwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu mmoja wa Kilifi, ambaye sasa ni marehemu. Mjane wake alinikabidhi kanda tatu za VHS zilizofungwa ndani ya leso.

"Mwanangu, karatasi zote zililiwa," aliniambia baada ya kuipokea shikamoo yangu. "Kilichobaki ni hizi. Ukizipoteza hizi, basi."

Kanda ya VHS haidumu milele. Utepe wake huota kuvu katika joto na unyevu wa pwani, na kila uchezwapo hukwaruzwa kidogo na kichwa cha deki. Nilihitaji kuzihamishia kanda hizo katika tarakilishi, tena upesi. Fundi mmoja wa Mombasa, mwenye chumba kidogo karibu na Mwembe Tayari, alinikodishia mashine ya zamani yenye Windows XP na ndani yake kadi ya runinga, yaani ile kadi ambayo watu waliitia katika tarakilishi ili watazame matangazo ya televisheni kwenye skrini ya kazi. Kadi yenyewe ilikuwa na chipu ya Bt878, chipu iliyotumika katika kadi nyingi za aina hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye. Tarakilishi mpya hazina hata mahali pa kuichomeka.

Nilipoiwasha mara ya kwanza, skrini ilijaa chengachenga na vipaza sauti vikavuma kama bahari ya kusi. Nilidhani kadi imekufa. Kumbe ilikuwa ikitafuta stesheni zisizokuwepo tena, kwa kuwa Kenya iliuzima mfumo wa analogia mwaka 2015, nayo kadi ile haikujua mfumo mwingine. Niliiamuru iache kutafuta hewani na ipokee picha kutoka tundu la manjano lililounganishwa na deki. Picha ikaja. Wanafunzi wa mwaka 1996 walikuwa jukwaani katika sare na kanzu za kuazima, midomo ikichezacheza, mikono ikirushwa huku na kule. Sauti haikuwepo.

Kwa mtu wa taaluma nyingine huenda picha ile ingetosha. Kwangu mimi, ambaye matini yangu yote ilikuwa katika vinywa vile, nilikuwa nimepewa kitabu chenye kurasa nyeupe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutojua njia ambayo sauti hupitia. Nilidhani waya mmoja hubeba yote. Sivyo. Katika kadi kama ile, picha huingia katika chipu na kugeuzwa kuwa tarakimu, ilhali sauti hupita kando tu, ikatoka kwenye kadi ya runinga kwa waya mfupi na kuingia katika kadi ya sauti. Waya huo mfupi haukuwepo. Isitoshe, orodha ya vifaa katika tarakilishi ilionyesha kuwa chipu ile moja hujitangaza kama vifaa viwili, kimoja cha picha na kimoja cha sauti, na mbele ya kile cha sauti palikuwa na alama ya hisi ya manjano. Nilitumia siku mbili nikisaka draiva ya kuiondoa alama hiyo. Siku mbili za bure, kwani kwa matumizi yangu sauti haikuhitaji kupita humo hata kidogo. Ingeweza kutoka deki moja kwa moja hadi kwenye kadi ya sauti.

Nikanunua waya, nikauchomeka katika tundu la waridi. Sauti ikafoka! Ilikuwa kali, yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti. Kwa furaha niliirekodi tamthilia yote ya 1996, nikaketi kuiandika neno kwa neno. Katika onyesho la mwisho kuna mzee aliyekula hasara ya mali yake yote, naye anamwambia mwanawe maneno niliyoyasikia hivi: "Nimebaki na konde moja." Juu ya konde hilo nilijenga sura nzima. Niliandika kurasa ishirini na tatu kuhusu shamba dogo kama ishara ya matumaini na uhusiano wa mtu wa pwani na ardhi yake. Msimamizi wangu aliisifu. Nakiri kwamba nami nilijisifu.

Lililonirudisha kwenye mashine ni jambo dogo. Nilitaka kumwonyesha mwenzangu onyesho hilo, nikagundua kwamba kadiri mchezo ulivyoendelea, sauti na midomo viliachana. Dakika ya kumi tofauti ilikuwa kama kupepesa jicho, na dakika ya arobaini kinywa cha mtu kiliweza kumaliza sentensi kabla sauti yake haijasikika. Nilimpigia fundi simu.

"Mwalimu," akasema (huniita hivyo ingawa sijafunza popote), "waya umeuweka tundu gani?"

Nikamwambia la waridi. Akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Tundu la waridi ni la maikrofoni. Sauti ya maikrofoni ni hafifu mno, kwa hiyo tundu hilo huikuza mara nyingi. Ukiliingizia sauti ya deki, ambayo tayari ina nguvu, mawimbi hukatwa vichwa na konsonanti zikafanana. Nilipaswa kutumia tundu la samawati. Nikahamisha waya, na kimya kikarejea. Hapo nilijifunza kwamba Windows XP ina vidhibiti vya sauti vya namna mbili, vya kusikiliza na vya kurekodi, na kwamba kufungua kimoja hakufungui kingine. Tundu la samawati lilikuwa limefungwa kotekote.

Suala la sauti kuachana na picha lilikuwa gumu zaidi, na hapa naomba subira. Kila kifaa ndani ya tarakilishi hubisha hodi kwa kichakataji kinapotaka kuhudumiwa. Katika tarakilishi za jadi kulikuwa na milango kumi na sita tu ya hodi hizo, inayohesabiwa kuanzia 0 hadi 15, na mingine ina wenyewe tangu zamani. Saa ya mfumo ina mlango 0, kibodi ina mlango 1. Kadi zilizochomekwa kwenye sloti za PCI huruhusiwa kutumia mlango mmoja kwa zamu, jambo ambalo si baya iwapo draiva zao zina adabu. Nilipochungulia orodha, nilikuta kadi ya runinga na kadi ya sauti zote zikibisha katika mlango nambari 11. Picha bila kukandamizwa huzidi megabaiti 20 kwa kila sekunde, na sauti nayo haitaki kungoja. Katika msukumano huo fremu za picha zilikuwa zikianguka, moja hapa, mbili pale. Televisheni yetu ya zamani na kanda zake huenda kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukipoteza fremu 25 tu katika mchezo mzima, umepoteza sekunde ya picha, ilhali sauti imebaki kamili.

Dawa yake iliniaibisha kwa wepesi. Nilizima mashine, nikang'oa umeme, nikafungua skurubu moja na kuihamisha kadi ya runinga hadi sloti ya mbali. Nilipowasha, kila kadi ilikuwa na mlango wake. Kwa tahadhari, nikaamua pia kurekodi vipande vya dakika kumi kumi.

Lakini katika majaribio hayo nilitenda kosa ambalo siwezi kulihamisha sloti. Badala ya kujaribu kwa kanda yoyote ya ovyo, nilitumia kanda ya mwalimu. Katika jaribio la nne, deki iliumeza utepe. Fundi aliutoa kwa kibano, akaunyoosha kwa vidole vyake, lakini sekunde kama arobaini za onyesho la pili zilikuwa zimekunjamana kabisa. Na rekodi yangu ya kwanza mahali hapo ni mikwaruzo mitupu.

Onyesho la mwisho lilisalimika. Nililirekodi upya usiku uo huo, kupitia tundu la samawati, sauti na midomo vikienda sambamba. Mpiga picha alikuwa amemkaribia mzee. Alipofika kwenye neno langu, midomo yake ilikutana. Nikarudisha nyuma, nikatazama tena. Ikakutana tena. Msomaji wa fonetiki anajua kuwa huwezi kutamka "konde" ukafumba midomo katikati. Alikuwa akisema "komwe". Nimebaki na komwe moja. Na mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, alikuwa ameishika, ile mbegu ngumu ya mviringo ambayo wazee huichezea bao. Mzee yule hakubakiwa na shamba lolote. Alibaki na kete moja ya mchezo uliomfilisi.

Kurasa ishirini na tatu zikaenda na maji. Nilimweleza msimamizi wangu, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni mangapi mengine niliyoyasikia kwa tundu la waridi. Ilinibidi niandike matini yote upya, nami nikakuta masahihisho sitini na moja, ingawa hakuna lililouma kama hilo.

Nilirudi Kilifi na kanda zile, pamoja na nakala katika diski. Nilimweleza mama yule kuhusu zile sekunde arobaini kabla hajaniuliza. Alinitazama, akauliza ni mahali gani pa mchezo. Nikamwambia ni pale binti anaporudi kutoka mjini. Alijaribu kuyakumbuka maneno, akayapata mawili matatu, kisha akasema hapana, hayo ni ya mchezo mwingine. Katika tasnifu, mahali hapo nimeweka nukta.